Kutengeneza ua wa nyumba bila ya kuvunja kibubu: hesabu za mtu wa mguu mmoja

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tukivaa viatu baada ya sala, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono akanivuta kando. "Ami," akaniambia, "mama karudi kutoka hospitali na kiti cha magurudumu, na ua wetu waujua, mchanga mtupu. Ndani ya nyumba tuna elfu sabini tulizoweka. Tuanze wapi?" Nilimwambia anipe wiki moja nimjibu kwa maandishi. Jibu la haraka, la pale pale mlangoni, ndilo lililoniponza mimi, na sikutaka limponze na yeye.

Wengi mnaonisoma mwajua kwamba nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali ya barabarani. Natembea kwa mguu bandia, na siku ambazo kigutu kimevimba natembea kwa magongo. Ua wetu hapa Kisauni una mita 9 kwa 6. Kwa miaka mingi ulikuwa mchanga, mnazi mmoja, mgomba, kamba ya nguo na mfereji wa maji penye kona. Mwenye miguu miwili hauoni ubaya wake. Mwenye mguu bandia huuona kila alfajiri, kwa sababu kiatu kikizama mchangani goti hupinda upande usiotakiwa.

Nina diploma ya uhasibu. Naitaja ili msije mkadhani makosa haya ni ya wasiojua kupiga hesabu.

Mwaka 2023, mwezi wa Shaaban, nilitaka ua uwe tayari kabla ya Ramadhani, tukifuturisha watu wasinione nikiyumba mchangani. Aibu tu, hakuna jina jingine. Fundi akaja, akapima kwa hatua, akasema kabro ni shilingi 1,500 kwa mita moja ya mraba pamoja na kazi yake. Mita 54 mara 1,500 ni shilingi 81,000. Kibubu chetu kilikuwa na 62,000. Nikampa 40,000 za kuanzia, iliyobaki tutaona mbele. Akamwaga mchanga juu ya ardhi laini bila ya kuishindilia, akapanga karibu nusu ya ua, akaniambia atarudi nikipata salio. Mvua ya masika ikanyesha, vitofali vikazama huku na kuinuka kule.

Wiki saba baadaye soketi ya mguu wangu ikaanza kucheza. Hili wasiokatwa hawalijui: kigutu hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na soketi iliyokuwa ikikaa sawa huanza kuchubua ngozi. Soketi mpya niliambiwa ni shilingi 35,000. Nyumbani tulikuwa na 22,000, na ndani yake 18,000 ni ada ya binti yetu ya muhula wa pili. Nikakaa miezi minne kwa magongo, juu ya vitofali vilivyoinama. Alfajiri moja niliteleza penye mfereji nikienda kutia udhu, nikaangukia mkono. Mke wangu aliponiinua hakunilaumu sana. Alisema tu, "Baba watoto, umewapambia wageni njia, wewe mwenyewe huna pa kukanyaga."

Basi nitakayoyasema hapa chini nimeyajua baada ya maneno hayo.

Pesa ya mwili isilale pamoja na pesa ya ua

Kosa langu la kwanza halikuwa la fundi. Lilikuwa ni kuwa na kibubu kimoja. Pesa zikikaa pamoja, kila haja huziona ni zake, na haja yenye kelele ndiyo huzichukua. Nyumba yenye mtu mwenye ulemavu ina gharama ambayo nyumba nyingine haina, nayo haiji kila mwezi kama kodi. Huja mara moja, kubwa, na haisubiri: soketi, matairi ya kiti, mto wa kukalia usioleta vidonda, betri ya kifaa cha masikio, tuktuk ya kwenda kliniki na kurudi. Gharama hiyo lazima igawanywe kwa miezi kabla haijafika.

Mimi nilifanya hivi. Soketi ni 35,000, nami naikadiria kubadilishwa kila miaka miwili. Ukiigawa kwa miezi 24 ni karibu shilingi 1,460, nami naweka 1,500. Hiyo ni pesa ya mguu, na iko kwenye akaunti ya benki inayofuata sharia, isiyo na kadi. Ada tunailipa shuleni kidogo kidogo kabla ya muhula, ili isikae nyumbani kutushawishi. Akiba ya dharura ni matumizi ya mwezi mmoja, nayo haiguswi kwa jambo lililo na siku ya kungojea. Ua una siku ya kungojea. Ukishayatoa hayo matatu, kilichobaki ndicho cha ua, hata kikiwa shilingi 300.

Kwangu kilikuwa shilingi 2,500 kwa mwezi, na nitawaeleza zilikotoka.

Pima miguu kabla ya kupima uwanja

Kwa wiki moja tulichora mistari ya makaa ukutani kila mtu alipotoka mlangoni: kwenda lango la nje, kwenda mfereji, kwenda kamba ya nguo. Watoto waliona ni mchezo. Mwisho wa wiki ilionekana kwamba mimi napita njia mbili tu. Mlangoni hadi langoni ni mita 6, mlangoni hadi mfereji ni mita 4. Mita 10 kwa upana wa mita 1.2 ni mita 12 za mraba. Katika mita 54 nilizotaka kuzilipia, mguu wangu ulihitaji 12.

Niliyahesabu hayo mara tatu, kwa uchungu. Kwa bei ile ile ya fundi wa kwanza, mita 12 ni shilingi 18,000. Ningemlipa zote siku hiyo hiyo na nikabaki na 44,000.

Vitofali nilikuwa navyo tayari, kwa hiyo fundi wa pili aliving'oa akavipanga upya kwenye njia hizo mbili tu. Kifusi cha kushindilia gari moja dogo 3,500, simiti mifuko mitatu 2,400, fundi siku tatu 4,500, kibarua wake 2,400. Jumla 12,800. Hizi ni bei nilizolipa mimi. Kwenu zaweza kupanda au kushuka. Ardhi ilishindiliwa kwanza, ikamwagiwa maji, ikashindiliwa tena, na kingo zikafungwa kwa simiti ili vitofali visitembee. Mtu akikutajia bei ya kabro, muulize kwanza chini yake ataweka nini.

Kabla ya njia, lakini, tulianza na kona ya mfereji, kwa sababu pale ndipo nilipoangukia na pale ndipo palipokuwa rahisi zaidi. Kiti cha simiti cha kukalia nikitia udhu, sakafu iliyokwaruzwa isiteleze, na bomba la chuma ukutani la kushikia. Shilingi 4,600. Ukiniuliza ni shilingi zipi katika ua huu zilizofanya kazi kubwa kuliko zote, nitakuonyesha hizo. Maji ya udhu sasa yanashuka kwenye mgomba, ambao tangu hapo umenawiri.

Baadaye ikaja rampu. Kizingiti chetu kiko sentimita 18 juu ya ua. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda huhitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo 18 mara 12 ni sentimita 216, mita mbili na kidogo. Mawe ya kujazia 800, simiti 2,400, kokoto 2,000, bomba la kushikia pamoja na kuchomelea 3,500, fundi na kibarua siku mbili 4,600. Jumla 13,300. Fundi alitaka kuisugua iwe laini inayong'aa, kama sebule. Nilimkataza. Akapitisha ufagio juu ya simiti mbichi ukaacha mistari, na hata mvua ikinyesha gongo linashika. Tahadhari moja kwa sisi wa pwani: mchanga wa ufukweni usiingie kwenye simiti hata kama ni wa bure. Una chumvi, na chumvi hula chuma kilicho ndani.

Kwa kila kazi niliongeza shilingi 10 juu ya kila 100, kwa ajili ya lile neno la mafundi, "bado kidogo tu." Mara mbili niliihitaji.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu

Kijana wangu, vipimo vyenu ni tofauti kidogo na vyangu. Njia isipungue sentimita 90, na penye nafasi ifanyeni mita 1.2. Mbele ya mlango na mbele ya lango muache uwanja tambarare wa mita 1.5 kwa 1.5, ili kiti kigeuke bila ya mtu kukiinua. Mlango wenu una vidato viwili. Tuseme ni sentimita 30. Rampu yake ni mita 3.6. Najua mtasema ni ndefu, na kuna fundi atawaambia mita mbili zatosha. Mita mbili kwa sentimita 30 ni mlima, mama hataupanda kwa mikono yake na anayemsukuma ataumia mgongo. Ua ukiwa mfupi, rampu hukunjwa kona, na penye kona mnaweka tambarare ya kupumzikia.

Kitanda cha mboga cha kuinuliwa kwa anayekaa kwenye kiti kiwe kama meza, chini kiwe wazi magoti yaingie, kiasi cha sentimita 70. Mkono wa mtu aliyekaa haufiki mbali: ukitumika upande mmoja, upana usizidi sentimita 60. Kwangu mimi ninayeweza kukaa na kuinuka, kitanda ni cha mawe, kina kimo cha kiti cha kawaida na ukingo mpana wa kukalia. Mawe 30 kwa shilingi 40 ni 1,200, simiti 1,600, udongo na samadi 2,500, kazi ya siku moja 2,300. Jumla 7,600. Chini tulijaza makumbi ya nazi, ambayo hupunguza udongo wa kununua na huweka unyevu. Nimekitegemeza kwenye ukuta wa mpaka, si wa nyumba, maana udongo wenye maji ukigusa ukuta wa chumba, chumba huota ukungu.

Swali ambalo watu hawapendi kuulizwa

Ardhi ni ya nani? Hapa Mombasa tuna mambo ya nyumba bila ardhi: nyumba yako, kiwanja cha mwingine, nawe walipa kodi ya kiwanja. Wengine ni wapangaji kabisa. Simiti ukishaimwaga haifuatani nawe. Kama huna karatasi ya ardhi, fanya vitu vya kuhamika: rampu ya mbao nzito yenye vipande vya raba, mapipa yaliyokatwa nusu ya kupandia, kiti cha udhu cha plastiki chenye miguu mipana, na reli iliyofungwa kwa skrubu. Na kabla hujatoboa ukuta, muombe mwenye nyumba kwa maandishi, hata kama ni mjomba wako. Hasa kama ni mjomba wako.

Zile 2,500 zilikotoka

Kwa miaka kadhaa baada ya ajali sikujiandikisha na NCPWD, yaani Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Niliona kama kukubali jambo ambalo nilikuwa bado nabishana nalo. Nilipokwenda, baada ya mkasa wa kabro, nilipimwa kwanza na madaktari wa hospitali ya serikali, ndipo nikaandikishwa. Kwa cheti hicho mwajiriwa anaweza kuomba KRA imwondolee kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Mshahara wangu ni 38,000, na kodi yake ilikuwa karibu shilingi 2,600. Hizo ndizo zilizotengeneza ua. Hazikutoka kwenye chakula wala kwenye mahamri na mbaazi anazouza mke wangu asubuhi. Zilikuwa zinaondoka kila mwezi, nami nilizikosa kwa ukaidi wangu.

Msamaha huo ni wa kodi ya mapato pekee. Makato ya SHA, NSSF na ya nyumba huendelea. Una muda wake pia, kwa hiyo andika tarehe ukutani usije ukapita.

Asiye na kipato cha kutozwa kodi hapati hapo, lakini kuna milango mingine. Baraza lina mfuko ambao huombwa vifaa kama viti vya magurudumu na miguu bandia; foleni ni ndefu, lakini kuomba kifaa kwingine huku umeweka pesa yako ya kifaa si ujanja wa vibaya. Nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa wa kuangaliwa kutwa yaweza kuingia katika Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na njia huanzia kwa chifu na afisa wa ustawi wa jamii. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua mahala pa ile ya 2003, na kifungu cha 54 cha Katiba kinatupa haki ya kufika kila mahali. Ua wako mwenyewe, hata hivyo, hakuna atakayekutengenezea.

Kuhusu mikopo nitasema machache. Mikopo ya simu siigusi kwa sababu ya riba, na hata angekuwa mtu asiyejali riba, kuchukua mkopo wa siku 30 kwa kazi ambayo haileti shilingi ni kujitafutia balaa. Chama cha mtaani chasaidia: mke wangu alipopokea zamu yake tuliipeleka kwenye soketi, si kwenye ua. Na akiba ikikua ikakaa mwaka mzima wa mwandamo, kumbukeni zaka, asilimia 2.5 ikifika nisabu. Kuna wanaopimia dhahabu gramu 85 na kuna wanaopimia fedha, na tofauti yake ni kubwa kwa pesa. Muulizeni imamu wenu.

Maji na miti

Hapa ndipo watu wengi huanzia, kwenye miche, na ndiyo maana nimepaweka nyuma. Mti hauna haraka, na simiti ifanyike kabla ya Aprili, masika haijaanza.

Tangi bado sijanunua. La lita 1,000 ni shilingi 9,500, gata 3,200, msingi 1,500, jumla 14,200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa letu la mita 40 likipata milimita 10, ni lita 400, ukiondoa kinachopotea. Tangi likijaa ni jerikeni 50, na kwa shilingi 20 kila jerikeni ni shilingi 1,000. Lazima lijae zaidi ya mara 14 lirudishe gharama yake. Na usidanganywe kwamba litamwagilia bustani wakati wa kaskazi: mvua hunyesha wakati mimea nayo inanyeshewa, na kiangazi tangi ni tupu. Faida yake ni ndani ya nyumba, kwenye kufua na kupikia, na kwangu mimi ni kwamba mtoto haendi tena langoni na jerikeni usiku. Nitalinunua, lakini limekuwa la mwisho kwa haki yake.

Kitandani nina mchicha, ambao huanza kukatwa baada ya wiki nne hivi, bamia, pilipili na mrehani. Haulishi nyumba. Hutoa kitoweo mara mbili kwa wiki na harufu nzuri jioni. Penye kona nimepanda mkilua, shilingi 300, na hicho ndicho kitu pekee katika hesabu hii nilichonunua bila ya sababu.

Sasa jibu lako, kijana wangu. Katika zile elfu sabini, gusa elfu ishirini na tano. Rampu ya mita 3.6 itachukua karibu elfu ishirini, na zilizobaki zishindilie kifusi kutoka langoni hadi kwenye rampu, upana wa mita 1.2, bila ya kabro. Kabro itakuja mwakani. Zile elfu arubaini na tano zitoe nyumbani, uzigawe mara mbili, za mama na za dharura, na ndugu zako wote wajue ni zipi. Mpelekeni akapimwe aandikishwe. Muulizeni yeye mwenyewe anataka kufika wapi kwanza. Pengine si langoni, pengine ni jikoni.

Jumamosi asubuhi nitapita kwenu na tepu ya kupimia. Mama aniwekee chai, na fundi yeyote akija kabla yangu, mwambieni asishushe mawe.